Si Walikubali Wenyewe?

Mwaka 1834 watu wa Ballykilcline waliacha kulipa kodi ya ardhi, na wakakaa hivyo kwa miaka 12 hivi. Halafu kati ya 1847 na 1848 zaidi ya 350 kati yao walipandishwa meli kwenda New York, nauli ikilipwa na serikali ya Uingereza, na nyumba zao zikabomolewa nyuma yao. Swali langu ni moja tu, na nadhani ushawahi kuulizwa, kwa sauti ya mjomba, ya bosi au ya landilodi: si walikubali wenyewe?

Ballykilcline huioni kwenye ramani ya kawaida mpaka uivute karibu kabisa. Iko Ayalandi, kaskazini-mashariki mwa kaunti ya Roscommon, parokia ya Kilglass, si mbali na mji mdogo wa Strokestown. Ni ekari 600 hivi za vilima vidogo, maziwa na ardhi ya majimaji. Waayalandi wamegawa kisiwa chao kizima katika vipande zaidi ya 60,000, na kila kipande kina jina lake. Kwa lugha yao kipande kimoja ni baile fearainn. Mimi nitakiita kitongoji, japo neno hilo kwetu hukumbusha nyumba zilizokusanyika, na huko usianze na nyumba. Anza na ardhi: kijito hapa, mtaro pale, ukuta wa mawe, ukingo wa ziwa, na ndani yake jina. Watu wanaweza kuisha wote na kitongoji kikabaki kitongoji.

Hiyo Bally unayoiona mwanzoni mwa majina mengi ya Ayalandi ni baile, yaani pahali pa fulani, kwake, kwao. Kuanzia miaka ya 1820 wapima ardhi wa jeshi la Uingereza walizunguka kisiwa chote wakichora ramani na kuandika majina hayo kwa tahajia ya Kiingereza. Pamoja nao walikuwepo wasomi wa Kiayalandi, mashuhuri zaidi akiwa John O'Donovan, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauliza wenyeji jina hutamkwaje na asili yake ni nini, kisha kupendekeza litakavyoandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya ajabu hiyo. Unamheshimu mzee kwa kumsikiliza, halafu unaenda kuandika kitu kingine.

Kabla ya njaa, kwenye zile ekari 600 waliishi watu karibu 500. Piga hesabu: ekari moja na kitu kwa kila kichwa, na sehemu yake ni tope. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu ya kiazi. Waru ilikuwa inalisha familia kwenye kipande ambacho ngano isingelisha hata mbuzi. Kwa hiyo watu walioa mapema, wakagawa kipande, mtoto naye akagawa. Sehemu nyingi za magharibi mwa Ayalandi watu hawakuwa na shamba moja la kuzungushia ua. Mtu alikuwa na vipande huku na kule, kidogo cha ardhi nzuri, kidogo cha ardhi mbaya, ili asiwepo jirani aliyebeba bahati yote. Mpima ardhi akifika pahali kama hapo na kalamu yake anaona fujo. Mwenyeji anaona haki.

Sasa kuhusu kodi. Ardhi ya Ballykilcline, kwa karatasi, ilikuwa ya Taji, yaani mali ya ufalme wa Uingereza. Lakini Taji halikai kijijini. Liliikodisha kwa ukoo wa Mahon, matajiri wa Strokestown, nao wakakodisha kwa wakulima na kukusanya. Mwaka 1834 mkataba wa akina Mahon ukaisha. Ghafla mtu wa kati hayupo, na anayedai ni ofisi ya Taji, iliyo mbali, inayotuma barua. Wakulima wakaangaliana. Mtu aliyekuwa anakuja kila msimu kuchukua pesa ameondoka, na viazi havijui kwamba ameondoka. Vinaota tu.

Hapo ndipo mgomo ulipoanzia. Robert Scally, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu kitongoji hiki mwaka 1995, anaonyesha watu wasiofanana kabisa na picha ya mkulima mjinga anayeonewa. Walikuwa wajanja. Waliandika barua za maombi zenye unyenyekevu mwingi, wakijiita maskini na waaminifu, huku hawatoi senti. Walitafuta wakili. Walipofurushwa, baadhi yao waliingia tena ndani ya nyumba zao. Kwenye makaratasi ya serikali, viongozi wao wakapewa jina moja la pamoja: Washtakiwa. Napenda sana kwamba jina hilo liliandikwa mara nyingi hadi likawa kama jina la ukoo.

Nilifika Ballykilcline kwa njia isiyo ya heshima, yaani kwa kazi ya kulipwa kwa ukurasa. Mteja mmoja wa Marekani, mwenye hobi ya kutafuta mababu zake, alihitaji mtu wa kunakili orodha za abiria wa meli na kuziweka kwenye jedwali. Jina, umri, jinsia, kitongoji alikotoka, meli, tarehe ya kufika. Kazi hizi tunazijua wengi wetu tuliokaa na laptopu usiku kucha tukingoja bei ya bando ishuke. Jedwali lake lilikuwa na safu ya mwisho aliyoitunga mwenyewe: sababu ya kuhama. Ukibonyeza, zinatokea chaguo mbili tu. Hiari. Kulazimishwa.

Kwa abiria wengi ilikuwa rahisi, kwa maana kwamba sikujua lolote kuwahusu, na maagizo yalisema usipojua weka Hiari. (Ona hapo. Usipojua, weka Hiari. Nadhani dunia nzima inaendeshwa na maagizo hayo.) Nilipofika kwa watu wa Ballykilcline, kidole kikakwama, kwa sababu hawa nilikuwa nimeanza kuwasoma.

Kumbuka mwaka wenyewe. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia Ayalandi na kugeuza viazi kuwa uozo mweusi. Mwaka 1846 zao karibu lote likapotea. Mpaka njaa hiyo inakwisha, watu takriban milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama. Kisiwa kilichohesabiwa kuwa na zaidi ya milioni nane mwaka 1841 kilikuwa na milioni sita na nusu mwaka 1851. Kaunti ya Roscommon peke yake ilipoteza karibu theluthi ya watu wake. Katikati ya hali hiyo Taji, ambalo kwa miaka 12 halikuwa limeweza kuwatoa watu wa Ballykilcline kwa barua, kesi wala askari, likapata hoja ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ondokeni kwa amani, tuachieni nyumba tubomoe, na tutawalipia safari mpaka New York. Msipotaka, mtatolewa bila kitu.

Wakaondoka. Walikwenda Dublin, wakavuka hadi Liverpool, wakapanda meli kwa makundi. Roscius, mojawapo ya meli hizo, iliingia New York Oktoba 1847. Sasa wewe jaza: Hiari au Kulazimishwa?

Jibu la haraka la mtu yeyote mwenye huruma ni Kulazimishwa. Hata mimi lilinijia hivyo. Kuna aya ya David Hume, yule Mskoti, katika insha yake ya mwaka 1748 kuhusu mkataba wa asili kati ya raia na serikali, ambayo inaelekea kumaliza ubishi. Wako waliodai kwamba ukikaa ndani ya nchi umekubali serikali yake, maana ungeweza kuhama. Hume anauliza: mkulima maskini, asiyejua lugha ya nchi nyingine, anayeishi kwa ujira mdogo wa kila siku, kweli ana uhuru wa kuondoka? Ni kama kumwambia mtu aliyebebwa usingizini na kutiwa ndani ya meli kwamba kwa kubaki humo amekubali utawala wa nahodha, wakati njia yake ya kutoka ni kuruka baharini afe. Watu wa Ballykilcline wako upande wa pili wa mfano huohuo. Wao waliambiwa kwamba kwa kupanda meli wamekubali, wakati njia ya kutopanda ilikuwa kulala kando ya barabara mwaka wa njaa.

Na si njaa tu. Juni 1847 Bunge la London lilipitisha sheria ya misaada kwa maskini wa Ayalandi, na ndani yake kukawa na kifungu kinachokumbukwa mpaka leo: anayeshikilia zaidi ya robo ekari ya ardhi hapati msaada. Soma tena taratibu. Hakuna aliyekuja kukunyang'anya shamba. Shamba ni lako uendelee nalo. Ila ukitaka uji kwa ajili ya watoto, ulirudishe kwanza, kwa mkono wako mwenyewe. Sijui kama kuna sheria iliyoielewa vizuri zaidi thamani ya neno hiari.

Jirani zao kabisa, kwenye mali ya Meja Denis Mahon aliyekuwa amerithi Strokestown, hesabu ilifanywa waziwazi. Wakala wake alikokotoa kwamba kumsafirisha mpangaji hadi Kanada ni rahisi kuliko kuendelea kumlipia ushuru wa nyumba ya maskini. Mei 1847 watu 1,490 walitembea kutoka huko hadi Dublin, kama kilomita 165, kando ya mfereji. Kutoka Liverpool baadhi walipanda meli ya Virginius, ambayo iliwapoteza abiria 158 baharini kabla ya kufika kituo cha karantini cha Grosse Île. Novemba 2 mwaka huohuo Meja Mahon akapigwa risasi na kufa karibu na nyumbani kwake. Nao wale pia walikuwa wamelipiwa nauli. Nao pia, kwa karatasi, walikubali.

Basi nikaweka Kulazimishwa, mistari kama 40 hivi. Kisha nikaanza kusikia vibaya, na haikuwa mara ya kwanza kusikia hivyo.

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nilisaini fomu yenye kichwa kinachosema kujiondoa masomoni kwa hiari. Karo ilikuwa imelimbikizana semista mbili, tovuti ya wanafunzi ilinifungia nje, na bila kadi ya mtihani huingii chumba cha mtihani. Karani aliniambia kwa upole kabisa, nisaini ili jina langu lisiandikwe kama mtoro, na nikipata pesa nirudi. Nikasaini. Mjomba wangu, kila tukikutana kwenye harusi au matanga, hunikumbusha: si ulisaini? Upande wa pili kuna rafiki zangu wa siasa, ambao hunitetea kwa nguvu: huyu jamaa alisukumwa nje na mfumo, hakuchagua chochote. Na kila wakisema hivyo mimi ndiye ninayeudhika, kuliko hata ninapomsikia mjomba. Kwa sababu wiki ile nilichagua. Nilikaa na mathe tukahesabu. Kulikuwa na kaka mdogo wa kuingia kidato cha tatu. Kulikuwa na uandishi ambao tayari ulikuwa unaingiza kitu kidogo. Tulifikiri, tukapima, tukaamua. Anayesema sikuchagua ananiondolea kitu ambacho hata ile fomu haikuniondolea.

Ndiyo maana ile mistari 40 ilinisumbua. Ukiandika Kulazimishwa mbele ya jina la mwanamume wa miaka 50 aliyeizungusha serikali kubwa kuliko zote duniani kwa miaka 12, unamgeuza mzigo. Unasema alipakiwa. Na kuna ushahidi kwamba watu wa Kilglass hawakuwa wakiota tu kama viazi. Mwandishi Mary Lee Dunn amefuatilia waliofika Rutland, jimbo la Vermont, na anaonyesha kwamba baadhi ya watu wa parokia ile walikuwa wameshatangulia Marekani kabla ya safari hizi. Kwa hiyo kulikuwa na barua, kulikuwa na binamu, kulikuwa na mtu wa kukupokea. Nauli ya bure kwa mtu ambaye binamu yake yuko Vermont si sawa na nauli ya bure kwa mtu asiyejua bahari iko upande gani. Wako ambao huenda waliangalia ile ofa na kusema kimoyomoyo, tumeshinda. Miaka 12 bila kodi, na mwisho serikali inatulipia meli.

Aristotle aliligusa hili zamani, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako. Nahodha yuko kwenye dhoruba, anatupa shehena baharini ili kuokoa meli. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna mtu anayetupa mali yake kwa kupenda. Lakini pale, saa ile, mtu yeyote mwenye akili angetupa, na mkono unaotupa ni wake. Aristotle anasema vitendo kama hivi ni mchanganyiko, ila vinakaribia hiari zaidi, kwa sababu vimechaguliwa wakati vinatendwa. Nakubaliana naye kuhusu nahodha. Nahodha anastahili kusifiwa kwa kuamua vizuri kwenye hali mbaya, na huwezi kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Ila Aristotle alichagua mfano wenye dhoruba, na dhoruba haina mwenyewe. Huwezi kwenda kwa upepo kuuuliza kwa nini. Ballykilcline ilikuwa na dhoruba ya aina hiyo, ukungu wa viazi, ambao haukutumwa na mtu. Lakini robo ekari ilikuwa na mwenyewe. Amri ya kufurusha ilikuwa na sahihi. Na yule aliyekuja na nauli mkononi ndiye yuleyule aliyekuwa amekunja mkono wa pili kwenye mlango wa nyumba. Hii ndiyo tofauti ninayoona inapotea kila tunapouliza kama fulani alikubali. Tunamkagua aliyesema ndiyo, tunampima moyo, tunamtafuta kasoro. Aliyeuliza tunamwacha anywe chai.

Na kuna tatizo lingine, kubwa zaidi, ambalo nililiona nikiwa nimechoka na saa imeshapita nane usiku. Jambazi akikushika koo akasema pesa au maisha, naye amekupa ofa. Kwa nini hatuiiti ofa? Kwa sababu maisha tayari yalikuwa yako. Anakuuzia kitu chako. Lakini daktari akikuambia lipa nikupasue au ufe, na hakuwa na deni kwako, hiyo inaweza kuwa bei tu, kali lakini bei. Tofauti kati ya jambazi na daktari haimo ndani ya kichwa chako wewe unayekubali. Hofu ni ileile, mkono unatetemeka uleule. Tofauti iko kwenye swali la nani alikuwa na haki ya nini kabla mazungumzo hayajaanza.

Sasa rudi 1834. Ubishi wa Ballykilcline ulikuwa huo huo tangu mwanzo. Ardhi ni ya nani? Kama ni ya Taji, basi wale ni watu waliokaa bure kwa miaka 12 kwenye mali ya mwingine, na nauli ya New York ilikuwa ukarimu. Kama ni ya waliochimba mitaro ya kutoa maji, wakabeba mbolea kwa migongo, wakazaa na kuzika hapo, basi nauli ilikuwa bei ya kutupa, wakinunuliwa kitu chao kwa njaa. Neno hiari linabadilika kabisa kutegemea unajibu nini hapo. Kwa hiyo safu ya mwisho ya lile jedwali ilikuwa inauliza jambo la pili bila kuuliza la kwanza. Na anayefaidika na mpangilio huo wa maswali ni mwenye hati.

Taji hilohilo lilikuja kwetu likiwa na mpangilio huohuo, na sisemi kwa mfano. Mkataba wa Wamaasai wa mwaka 1904, uliosimamiwa na kamishna Donald Stewart, unasema kwa maandishi kwamba viongozi wa Wamaasai wameamua kwa hiari yao wenyewe kuhamisha watu na mifugo mbali na reli. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wakahamishwa Laikipia. Wamaasai walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba ile ilikuwa mikataba kati ya dola na dola, isiyohusu mahakama. Walikuwa huru vya kutosha kusaini, hawakuwa huru vya kutosha kulalamika. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akahitimisha kwa upande wa Wakikuyu kwamba sheria ya ardhi ya Taji ya 1915 imewaacha wakiwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Taji. Mtu wa Ballykilcline angeielewa hukumu hiyo bila kutafsiriwa.

Nilimwandikia yule mteja nikamwambia safu yake haijaziki. Nikapendekeza safu mbili: moja iulize abiria aliamua nini, nyingine iulize nani alifunga njia zilizobaki. Akanijibu kwamba ni wazo zuri, lakini programu yake ya ukoo inapokea neno moja tu. Nikarudisha jedwali na ile safu ikiwa tupu kwa watu wote wa Ballykilcline. Alinilipa kurasa zote, nimpe haki yake.

Sitaki ufikiri kwamba ninasema basi kila kitu ni nusu kwa nusu, tuachane nayo. Kuhusu Taji sina nusu. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kulipia meli ilikuwa na uwezo wa kulipia unga. Nauli ilipatikana kwa sababu ilinunua kitu, yaani ekari 600 bila watu. Kulitumia jibu la mtu mwenye njaa kama risiti ni ubaya wenyewe, hata kama jibu hilo lilikuwa la busara, hata kama huko Vermont wajukuu walikuja kunona. Mjomba wangu husema, lakini angalia, si ulijipanga baadaye? Ndiyo nilijipanga. Kujipanga ni kwangu mimi. Hakuna uhusiano wowote na kama karani alikuwa na haki ya kuandika hiari juu ya ile fomu.

Kuna mtu atasema, basi hakuna makubaliano yoyote duniani yaliyo safi, maana sote tunabanwa na kitu. Nani analipa kodi ya nyumba Nairobi kwa kupenda? Hilo nalikubali kwa kiasi. Kubanwa si kosa la mtu kila wakati. Landilodi wa ploti hakuumba baridi inayofanya nitake paa. Lakini kama ni yeye aliyebomoa nyumba yangu ya jana ili nihitaji ya kwake leo, asije kunionyesha sahihi yangu. Sehemu kubwa ya kazi ni kufuatilia: nani aliweka ukuta huu, lini, kwa karatasi gani. Ni kazi ya makabati ya nyaraka zaidi kuliko ya dhamiri. Kwa Ballykilcline tuna bahati, kwa sababu ofisi ya Taji ilikuwa inatunza kila barua, na maombi yale ya unyenyekevu wa uongo bado yapo Dublin, pamoja na majibu yake.

Strokestown nako karatasi ziliponea chupuchupu. Mwaka 1979 mfanyabiashara wa magari wa pale pale alinunua jumba la akina Mahon, alikuwa anataka ardhi tu ya kupanulia biashara. Ndani akakuta nyaraka za mali hiyo, na mojawapo ilikuwa barua ya wapangaji wa Cloonahee ya mwaka 1846, wakieleza kwamba watoto wao wana njaa na wanaomba kazi. Akaisoma, akaacha mpango wa kuuza. Tangu 1994 pale ni makumbusho ya taifa ya njaa ile. Ile njia ya kilomita 165 hadi Dublin siku hizi ina alama za viatu vya watoto vilivyochongwa kwa shaba, na watu huitembea kama matembezi, wakiwa na mabegi mgongoni, wanalala njiani kwenye nyumba za wageni.

Ballykilcline yenyewe haina jumba wala viatu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwakiolojia Charles Orser alianza kuchimba zilipokuwa nyumba zilizobomolewa. Kati ya vitu alivyotoa ni vipande vingi vya vyombo vya udongo, na si vyungu vya kienyeji tu, bali sahani na vikombe vyembamba vyenye nakshi, vilivyotengenezwa viwandani Uingereza. Watu waliomwandikia Taji kwamba hawana hata senti ya kodi walikuwa wanakula viazi vyao kwenye sahani za dukani. Nilipoonyesha mathe picha za vipande hivyo aliviangalia kwa muda mrefu, akacheka, akasema huyo mwanamke mwenye kikombe angemweza sana kwenye chama. Kisha akaniuliza kama walibeba hata kimoja kwenye meli.